Laptop ya Kurusha Ndege

Birmingham, Uingereza

Dada yangu mpendwa Mwikali,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, na kwamba baridi ya Nunguni haijakuumiza sana miguu mwaka huu. Mama je, kifua chake kimetulia? Mimi ni mzima. Bado naosha mabasi, na maji ya huku ni baridi mpaka vidole vinasahau mwenyewe ni nani.

Dada, nimeona ajabu. Unakumbuka siku ile naondoka, ukiwa kwenye kiti chako pale mlangoni, ulivyoniambia: "Wewe sasa utapanda ndege. Angalia chini vizuri, halafu uniambie mtu huona nini." Nilikalishwa katikati ya wanaume wawili wanene, nikaona vichwa vya watu tu. Tangu hapo nikisikia ndege nakukumbuka, unavyoinua uso kila inapopita. Miguu yako ilikataa tangu utotoni, lakini macho hayajakataa.

Sasa kuna kompyuta inayofunguliwa na kufungwa kama Biblia, wanaiita laptop. Ndani yake kuna mchezo wa kurusha ndege. Unashika kijiti cha kuiongozea, ardhi inakuachilia, milima inakujia mpaka unainamisha kichwa. Niliinamisha kweli, watu wa dukani wakacheka. Nikasema hii ni ya Mwikali. Ila akiba yangu ni ya mashine moja, na nikikosea sina nyingine.

Muuzaji aliniuliza nataka prosesa ya kasi gani na memori kiasi gani. Akanieleza kwamba prosesa ndiyo inayopiga hesabu zote, na memori huishikia kazi karibu, isiende kuitafuta mbali. Mimi nikapenda mbio. Nikachagua prosesa kali kuliko zote, memori nikachukua kidogo ili bei inifae. Akaniwashia nijaribu. Ndege ikapaa vizuri, halafu ilipofika milimani ikaganda. Ikasogea, ikaganda tena. Niliumia, Dada. Nilikuona umeshika kijiti, umekwama hata huko juu.

Hapo nikamkumbuka baba, siku jirani yetu alipotoka soko la Matiliku na ng'ombe mwenye mbio, amfunge nira moja na yule ng'ombe wake mzee. Baba alimwambia, "Plau haitaki mbio ya mmoja. Tafuta wawili wanaolingana." Jirani hakusikia, na shamba lake lilipindapinda msimu mzima. Basi nikamwomba muuzaji ashuke kidogo kwenye prosesa, aongeze memori.

Ndege ilipita milima bila kusita. Nikamshukuru Mungu aliyempa binadamu akili ya namna hii. Nikaanza upya kutoka Nairobi, nikakadiria barabara ya Mombasa, nikakata kushoto kuelekea kwetu.

Nimeinunua, na umeme usikusumbue. Betri hudumu kama mahubiri ya mchungaji wetu akiwa na haraka, saa mbili hivi, na mjini Wote tutachaji. Msalimie mama, na shangazi wa kwaya. Mjomba seremala mwambie aongeze ubao mbele ya kiti chako, mashine ikae sawa.

Nilichoona juu ya Nunguni sikuambii. Krismasi nakuja nayo. Utaangalia mwenyewe, halafu uniambie mimi.

Ni mdogo wako akupendaye,
Musyoka