Maoni Kuhusu "Mashine Inayokula Watu"

3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Vipi mgongo? Mara ya mwisho ulisema kufua mashuka ya hospitali kunakuvunja kiuno. Mimi ni mzima, ila simu ndiyo marehemu: ilitumbukia kwenye ndoo ya damu tukirekodi. Damu yenyewe ni unga na rangi ya keki, lakini simu haikujua tofauti. Ndiyo maana naandika kwa mkono. Uvumilie mwandiko, shule niliiacha kabla haijanimaliza.

Dada, mdogo wako sasa ni nyota! Filamu imetoka na mimi nimekufa humo mara tatu: kwanza mlinzi, halafu bibi kizee mwenye kilemba, halafu fundi wa mashine ya kupasua mbao. Bosi, yule mpiga picha za harusi aliyeitengeneza, amenipa na daftari nikae mlangoni niandike maoni ya watazamaji wakitoka. Sikiliza:

Muuza mkaa: "Jini gani anavaa saa ya mkononi?"

Kinyozi: "Utumbo ule si wa mtu mmoja. Ni wa ukoo mzima."

Dereva wa lori: "Shoka ni la boksi, nimeona mpaka chapa ya sabuni."

Mzee mmoja alisinzia tangu mwanzo. Nilipomwamsha akasema imemgusa sana.

Basi wanacheka hivyo hivyo mpaka kifo changu cha tatu. Hapo ukumbi mzima kimya. Mashine imemshika fundi, mkono umekwenda, naye hapigi kelele. Anamwambia binti aliyemletea chakula, "Shika kofia yangu, isilowe." Dada, watu hawapumui! Kinyozi yule yule kaniambia niandike: "Kwenye kofia ndipo nilipoogopa." Unajua nimeitoa wapi. Nimemkopa Baba kidogo tu, jina la mtu sikutaja. Kwa kipande hicho Bosi ameahidi sehemu ya pili niiongoze mimi. Mimi!

Na bado. Jumamosi ya tarehe 30, saa tisa alasiri, tunaionyesha huko nyumbani, ukumbi wa nyuma ya soko. Mama keshaalika majirani.

Ni mimi mdogo wako, nyota.


11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, kazi ni ile ile. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya furushi la mashuka machafu. Nikairudia. Halafu nikashindwa kuinuka, mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama naumwa.

Unakusanya maoni ya watazamaji? Haya, andika na ya kwangu. Mimi niliiona kabla ya wote, tena bila tiketi.

Mama hajui. Siku ile Baba alipokufa, nilipofika nyumbani kutoka kumpelekea chakula kiwandani, aliniuliza kitu kimoja tu: "Aliumia?" Nikasema hapana, alikwenda papo hapo, hata hakujua. Wenzake wa kiwandani niliwaomba wanyamaze, na miaka tisa wamenyamaza. Ukweli ni kwamba Baba alikaa nusu saa kabla ya kukata roho, na alikuwa na akili zake. Kofia ilirudi nyumbani safi, Mama akashangaa, nikamwambia aliivua kabla ya kazi. Ataisikia kofia, atalikumbuka jibu langu, na mambo yote yatafunguka pale pale mbele ya majirani.

Wewe nilikuambia kwa sababu uliniganda na maswali wiki nzima, na uliapa.

Kikate hicho kipande. Ukishindwa, mzuie Mama asije.

Dada yako.


16 Machi

Dada,

Shikamoo tena, na usininunie, ukinuna unafanana na msimamizi wako.

Mama hazuiliki. Nimempigia kwa simu ya jirani, nikamwambia filamu ni mbaya. Akasema, "Kwani wewe nilikuzaa ukiwa mzuri?" Gauni keshalitoa sandukuni.

Bosi naye hakati. Fundi cherehani mmoja amerudi mara tatu, anakaa mpaka kofia, halafu anaondoka zake. Ukikitoa kipande hicho, kinachobaki ni watu wazima wanapakana unga. Bosi amechapisha na tangazo lenye maneno ya kinyozi.

Halafu fikiria, dada. Kofia ngapi ziko duniani? Mama ataona mwanawe anaigiza, basi.

Nikuambie kitu, usicheke. Darasani nilikuwa nikisimama kusoma, wanacheka. Hapa hata nikifa wanacheka. Kwenye kofia tu ndipo watu wamewahi kunyamaza kwa ajili yangu. Dakika nne. Unataka nizikate?

Mdogo wako.


22 Machi

Mdogo wangu,

Walinyamaza kwa ajili ya Baba.

Kila mwaka ikifika siku ile, Mama husema, "Angalau hakujua." Akishasema, anaendelea na kazi yake. Neno hilo ndilo linalompa usingizi. Nimelibeba peke yangu miaka tisa na nimechoka, sina nguvu za kugombana na wewe kwa barua.

Tarehe 30 nina zamu, siwezi kuja. Fanya utakavyo. Ila ukae karibu naye umtazame usoni, na hayo nayo uyaandike kwenye daftari lako.

Dada yako.


1 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini hujanitupa. Mimi mwili ni mzima, mengine utasoma.

Jumamosi Bosi alikuwa na harusi, akaniachia kompyuta nikaonyeshe mwenyewe. Asubuhi nilikaa mbele yake muda mrefu. Nikajitazama nikifa mara moja ya mwisho. Nimeigiza vizuri, dada, acha niseme ukweli. Halafu nikakifuta kipande cha kofia. Bosi hana kompyuta nyingine wala hatunzi nakala, kwa hiyo kimekwenda moja kwa moja.

Ukumbi ulijaa. Mama alikaa benchi la mbele, gauni limenyooka kama la harusi. Kila nikifa ananigeukia: "Huyo naye ni wewe?" Kwenye mlinzi akanitambua. Kwenye bibi kizee akanitambua upesi zaidi, akasema natembea kama shangazi. Tukafika kwenye mbao. Mashine inanguruma, fundi anaingia, na papo hapo watu wanamzika.

Nikashusha pumzi. Kumbe mapema.

Mtu wa nyuma akasimama: "Kofia iko wapi?" Mwingine akadakia. Mara nusu ya ukumbi wanapiga mabenchi: "Ko-fi-a! Ko-fi-a!" Lile tangazo, dada. Maneno ya kinyozi, makubwa kama mlango. Niliyaandika mwenyewe daftarini, nikayabandika mwenyewe ukutani Ijumaa, na wala sikukumbuka kuyabandua.

Mama akanigeukia. "Kofia gani?"

Watu wote wananitazama. Nikasimama nikasema kwa sauti, "Kofia ilikuwa sehemu yangu. Nilisahau maneno. Nikaanza kucheka mbele ya kamera, kila tukirudia nacheka. Tumeikata kwa aibu."

Walinizomea vizuri. Mmoja akasema, "Nyota gani hiyo, hata mshumaa unaizidi!"

Mama hakuzomea. Alinitazama tu, na mimi nikamtazama usoni kama ulivyoniagiza. Nikasema moyoni, keshajua. Halafu akauliza, ukumbi mzima ukisikia:

"Kwa hiyo hapo ulikuwa mbaya kuliko hivi?"

Benchi moja lilianguka kwa kicheko. Na yeye akacheka, dada, mkono kifuani, machozi yakimtoka. Sijamwona akicheka hivyo tangu nikiwa mdogo.

Bosi amenifukuza. Sehemu ya pili ataongoza mpwa wake. Daftari amelichukua, lakini maoni ya Jumamosi nayakumbuka, yalikuwa mamoja tu: haina maana. Muuza ndizi alisema hata mbu wametoka nje.

Nimechoka, dada. Sikujua kufa kunachosha hivi.

Mdogo wako.


8 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sijakutupa.

Mama alinipigia simu juzi. Alinisimulia filamu nzima, mpaka saa ya jini. Halafu akaniuliza, "Hivi ni kweli alisahau maneno, au ananificha kitu?" Nikamwambia ni kweli kabisa, tangu shule huyo kichwa chake hakishiki kitu. Akasema, "Maskini mwanangu, na alivyotamani." Basi sasa mtaa mzima anawaeleza ulivyosahau maneno, na wewe ukienda nyumbani utalazimika kukubali. Ukubali kila mara. Usijitetee hata kidogo. Najua itakuwia vigumu kuliko kufa.

Huku mashine kubwa ya kufulia imeharibika, tunakamua mashuka kwa mikono, vidole vyangu vimevimba. Wanatafuta mtu mwenye nguvu. Nimewapa jina lako. Njoo Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, mlango wa nyuma, uvae viatu visivyopitisha maji.

Kazi ni ngumu na haina watazamaji.

Dada yako.