Namba Ngeni Iliyojiita Mjomba

Chumba Na. 6, ghorofa ya pili,
Nyuma ya duka la magodoro.
Jumatano, 9 Aprili.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Habari za huko mbali? Magoti yanasemaje? Na mkaza mjomba, presha yake imeshuka au bado anakula chumvi kwa kujificha? Huku sisi wazima. Dada yako anakohoa kidogo asubuhi, lakini sauti ya kunigombeza anayo, kwa hiyo sina wasiwasi na mama.

Utashangaa nimekuandikia kwa kalamu wakati simu zipo. Nina sababu zangu. Mwandiko wako naujua tangu nilipokuwa mpiga pasi chini yako, na hakuna wa kuuiga. Simu siiamini tena.

Unajua kiwanda cha kufulia kilifungwa Januari. Wewe ulistaafu kwa heshima zako, sisi miaka mitatu baadaye tukatolewa kwa tangazo lililobandikwa getini. Tangu hapo natafuta kazi mpaka soli zimelika. Kila ofisi inataka wasifu, na si wasifu tu, wanataka wa kuvutia.

Nikaenda kwa mchapaji wa pale kona, bwana mmoja mwenye miwani. Akaniwekea mstari wa bluu, akataka na picha, akaandika kwamba mimi ni mchapakazi ninayejituma na kupenda changamoto. Nikamwuliza amejuaje, maana hajawahi kuniona nikishika pasi. Akacheka. Kutupa jicho kwenye mashine yake, naona wasifu wa mtu mwingine unatoka na maneno hayohayo, moja baada ya moja. Mimi sikucheka. Nikamwambia afute yote aandike ninayomtajia: miaka kumi na moja kazini, nilianza na pasi nikamaliza na stoo ya mashuka, na kwenye zamu yangu haijawahi kupotea hata foronya moja.

Tulipofika kwenye namba ya simu nikakataa. Wiki moja kabla nilinunua karanga, na ile karatasi iliyofungiwa ilikuwa wasifu wa dada mmoja. Jina lake, tarehe ya kuzaliwa, simu, mpaka shule aliyosoma, vyote vimejaa chumvi. Sasa niambie, ni ofisi gani inayowapa wauza karanga siri za watu? Na hawa matapeli namba zetu wanazipata wapi? Kwa hiyo nikaweka anwani ya chumba changu, na chini kabisa namba yako wewe, mdhamini wangu kama tulivyokubaliana. Mchapaji aliniangalia kama mgonjwa.

Na wasifu huohuo ukanipeleka kwenye usaili, hospitali, kazi ya kutunza stoo ya mashuka. Matroni aliigeuza karatasi mbele na nyuma akitafuta simu. Nikamwambia apitie kwa mdhamini. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba nikiikosa hii sina pengine pa kwenda. Mama dawa anazitaka na mwenye nyumba ameanza kuniamkia kwa sauti ambayo siipendi. Habari za usaili huo sikumwambia mtu yeyote, hata mama.

Ijumaa iliyopita ikaingia meseji kutoka namba ngeni. "Ni mimi mjomba wako, nimebadilisha laini. Nenda hospitali Jumatatu saa mbili asubuhi ukamwone matroni." Mjomba, nani asiyeujua mchezo huo? Kila tapeli amebadilisha laini, na kila mmoja ni mjomba wa mtu. Nikapiga namba yako ya zamani, haipatikani. Nikazidi kuogopa. Nikamjibu huyo mtu kwamba mjomba wangu haanzi maneno bila salamu, akatafute kazi ya halali, mwizi mkubwa. Kisha nikamfungia asinipate tena. Jumatatu nikashinda ndani, nimejaa sifa kwamba mimi sidanganyiki.

Lakini tangu jana roho haitulii. Tapeli amejuaje habari za hospitali? Ama hospitali nayo inatoa karatasi za watu, ama ni wewe kweli. Niandikie kwa mkono wako niamini.

Na kuna la pili, linanikaba. Kama walikupigia, uliwaambia nini juu yangu? Mwaka ule mashuka arobaini yalipopotea kwenye zamu yako, ufunguo wa stoo ulikuwa kwako. Sikusema kitu. Ila tangu siku ile, kila ulipomaliza kuhesabu nilisubiri utoke, nikahesabu tena. Nilikushuku, Mjomba. Kama uliwahi kunigundua, una haki ya kuniharibia.

Alhamisi.

Jana sikuifunga bahasha. Leo asubuhi nimekwenda hospitali mwenyewe, maana macho yangu bado nayaamini.

Mlinzi alinizuia, nikasimama palepale mpaka matroni akatokea. Akanitazama, akasema, "Ndiye wewe! Tumekusubiri tangu Jumatatu." Akanieleza kwamba mliongea Alhamisi iliyopita, kwamba siku ya pili yake simu yako iliibiwa, na kwamba Jumatatu jioni ulimpigia kwa laini mpya ukimsihi asimpe mtu mwingine nafasi. Ulimwambia nitakuja mwenyewe kukagua, wanivumilie tu. Nilitamani sakafu ipasuke.

Kumbe mashuka ya wodini yanatoweka kila wiki, na alichotaka kujua kwako ni kama mimi naaminika. Akanisomea jibu lako kwenye daftari lake. Ulisema, "Huyo haamini mtu. Hata mimi, bosi wake na mjomba wake, alikuwa ananihesabia upya kila siku, akidhani sioni. Na mimi nikitoka nilikuwa namwachia mlango wazi ahesabu vizuri."

Nilikwenda kusimama kwenye korido nikalia, Mjomba. Miaka yote ile nilidhani unasahau kuufunga ule mlango. Nimekukosea, na tusi lile la mwizi mkubwa nalifuta mbele ya Mungu. Nisamehe.

Naanza kazi Jumatatu. Funguo za stoo wamenikabidhi leo, mbili, na tayari nimeuliza ya tatu iko kwa nani.

Namba yako mpya nimeifungulia. Hata hivyo nijibu kwa kalamu, mara hii moja tu. Wasalimie sana mkaza mjomba na binamu zangu wote, na yule mdogo mwambie zawadi yake sijaisahau. Mama anakusalimu na anasema una moyo mkubwa kuliko mpwa wako. Mungu akupe magoti mapya na akulinde na wezi wa simu.

Mpwa wako akupendaye,
uliyemwachia mlango wazi.