Shingo ya Mkuki wa Baba

Kibeta, Bukoba
Jumatano

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua. Mimi mwili mzima, moyo ndio hautulii. Nimempa Riyadhi wa teksi akukabidhi mkononi, maana simu yako siku hizi hupokelewa na kaka Derick, na haya bado si ya masikio yake.

Nimerudi kutoka maabara yetu ya Dar na mikuki yote miwili, wa marehemu Baba na wa Baba mdogo Kahangwa. Ukoo ulinituma nitambue upi ndio mkuki wa Babu, kwa kuwa kazi yangu ni kuchunguza metali zinazoganda upesi. Baba mdogo alinitania kwamba nimesoma miaka yote hiyo kuangalia vitu vikiganda, kama uji. Sikuweza kucheka. Mwenye mkuki wa Babu ndiye atakayepewa kibanja cha Izigo, migomba pamoja na nyumba, na wewe unaishi humo.

Metali ikipoa taratibu huwa na punje kubwa. Ikiganda ghafla, punje zake huwa ndogo mno, na hadubini huzionyesha zote. Mkuki wa Baba mdogo una nyuzi za takataka za tanuru la udongo, kama vyuma vya wahunzi wetu wa zamani. Niliuangalia tena na tena, nikiomba niwe nimekosea.

Kisha nikafungua lubugo, kile kitambaa cha gome kilichofungwa shingoni mwa mkuki wetu. Ulinisihi nisikifungue, ukasema ni mwiko kwa binti. Chini yake nilikuta mshono wenye punje ndogondogo: chuma kilichoyeyushwa kwa mashine ya umeme ya kuchomelea, kikaganda papo hapo. Na mkuki wenyewe ni chuma cha kiwandani. Babu alizikwa kabla umeme haujafika Izigo.

Nimekasirika, Mama, na ninaogopa. Gome lile bado jipya, na fundo lake ni lile unalofungia vikapu vyako. Baba hakuwahi kujua kulifunga.

Jumamosi wazee wa ukoo wakikutana na kuniuliza, nitasema nilichokiona. Ila nitawaomba wakusikilize wewe kwanza. Ukisema mwenyewe, nitakaa pembeni yako mpaka mwisho. Ukinyamaza, nitasema mimi. Kwa vyovyote, chumba cha nyuma hapa Kibeta nimeshakitandika.

Nisalimie Judica na wanawe, na majirani wote wanaoniulizia. Lubugo nimeurudishia mahali pake, lakini fundo lako limenishinda.

Mwanao akupendaye,
Edvina