Mchora Mawingu na Nyumba Yetu ya Jorodom

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nianze na goti lako: bado linauma ukipanda kwenda shambani? Na mbaazi za Mama Mdogo zimebeba mwaka huu? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Uingereza inaingia mpaka kwenye meno. Ningepiga simu, lakini simu ya Mama Mdogo huwekwa spika na Balangdalalu nzima inasikia. Hili nataka ulisome mwenyewe, taratibu.

Unajua kazi yangu ni kutunza wazee. Makao yao yako karibu na studio ya zamani ya filamu, na baadhi ya wazee ninaowaogesha walifanya kazi humo. Mimi nilidhani filamu ni waigizaji tu. Kumbe kuna aliyeshona makoti, kuna aliyeshika taa, kuna aliyepigilia misumari. Siku hizi nikimvisha mzee soksi lazima nimuulize, wewe ulikuwa unafanya nini?

Anayenishangaza zaidi ni Mzee Ronald. Miaka thelathini alichora mawingu. Kweli, Mama! Walitandaza sakafuni kitambaa kikubwa kuliko kanisa letu, yeye akatembea juu yake na brashi iliyofungwa kwenye fimbo ndefu, akichora anga na milima. Kisha kikasimamishwa nyuma ya waigizaji. Mlima wa kweli hajawahi kupanda hata mmoja. Siku moja mwanamke aliyekuwa akiwapelekea chai aliliona wingu lake, akarudi kuchukua mwavuli.

"Nikamcheka," aliniambia, "halafu nikamuoa."

Mwezi uliopita walikuja vijana wawili na kamera kurekodi kumbukumbu za wafanyakazi wa studio. Mmoja wao, binti, akamuuliza Mzee Ronald ni mchoro gani anaojivunia, ili wakaupige picha.

"Hakuna uliobaki," akajibu. "Kwenye filamu unaonekana kidogo, nyuma ya bega la mtu. Kazi ikiisha, tulipaka kitambaa rangi nyeupe, tukachora mchoro mwingine juu yake. Chini ya kila anga kuna anga nyingine kumi."

Walipoondoka nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu kurudi chumbani. Njiani akasema, "Leo nami nikuulize wewe. Kwenu kukoje?"

Sijui ilikuwaje, nikamweleza. Kwamba Mlima Hanang ulishusha matope na mawe, nyumba aliyoijenga Baba pale Jorodom ikafunikwa, na picha zote za Baba zikabaki humo. Kwamba wewe ulitoka hai, na tangu siku hiyo hujaitaja ile nyumba, na mimi sijakuuliza.

Nilitegemea anipe pole. Akauliza, "Chini ya hayo matope, nyumba ilikuwa ya rangi gani?"

Nilikasirika, Mama. Lakini nikajikuta namjibu: chokaa iliyofifia, na chini imechafuliwa na mvua. Akaendelea: jua la asubuhi lilipiga wapi? Zizi lilikuwa upande gani? Moshi ulitokea wapi? Mzee huyu ana maswali mengi kuliko hakimu.

Kesho yake akaomba rangi na boksi kubwa. Kuinama hawezi tena, kwa hiyo nilimfungia brashi kwenye mpini wa ufagio, nikalichana boksi na kulitandaza sakafuni, akachora akiwa ameketi. Mlima Hanang umetoka vizuri, na wingu lake kileleni. Nilimsahihisha mara mbili tu. Paa limetoka. Zizi limetoka. Tulipofika kwenye mlango nikasema ni wa kijani, kisha nikasema ni wa bluu. Akaniuliza Baba alikuwa akikaa vipi jioni, nikakumbuka koti lake. Sura ikanikimbia. Nilikuwa na miaka tisa tu alipofariki.

Mzee Ronald akaweka brashi chini. "Nimedanganya watu kwa mawingu miaka thelathini," akasema, "lakini mlango wa mama yako siwezi kubahatisha. Muulize."

Basi ndiyo nakuuliza, Mama. Mlango ulikuwa wa rangi gani? Ulifungukia ndani au nje? Baba alikaa kwenye kigoda au kwenye lile jiwe? Alipokuwa amechoka alikuwa akifanya nini kwa mikono yake? Kama inakuumiza, usijibu, sitakulaumu. Kama kalamu ni nzito, wewe sema tu, dada Theresia aandike.

Nisalimie Mama Mdogo aliyekupokea kwake, na kaka Danieli na ng'ombe wake, na mwalimu Halima jirani yenu, mwambie bado nakumbuka maandazi yake. Mchungaji naye mpe salamu zangu, aendelee kutuombea.

Mzee Ronald ana miaka themanini na tisa, na kila asubuhi ananiuliza kama kuna barua kutoka kwenu. Lile boksi tumeliegemeza ukutani. Mahali pa mlango pako patupu, na pembeni ameacha nafasi ya mtu mmoja aliyekaa.

Mwanao,
Faustini