Meza ya Babu Theuri

Machimbo ya Mawe,
S.L.P. 94,
Nyeri.
16 Julai, 1969

Mpendwa Shangazi Kagure,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi ya huku. U mzima? Na miguu je, bado inavimba ukisimama wodini kutwa? Sisi hatujambo. Ukungu hautoki mpaka saa sita, viazi vimeungua kwa baridi, na Mama anakohoa kidogo, si sana.

Najua umeshasikia. Habari za kuniharibia jina hufika Mombasa upesi kuliko barua zangu. Ndiyo, Shangazi, niliacha kazi ya ofisi ya mashamba. Nachonga mawe. Keti kwanza, ukasirike ukiwa umeketi, halafu usome yaliyobaki.

Nilipomaliza kidato cha nne mlifurahi ati Theuri amerudi, kwa kuwa nina jina la marehemu babu na nilipewa meza ile ile aliyofanyia ukarani. Nyanya akanitolea koti la babu sandukuni. Lilinikaa sawasawa mabegani, na kila mtu anajua babu alikuwa pande la mtu na mimi ni mwembamba. Nyanya kuniita mume wake, na wewe kuniita baba, ndiyo desturi yetu, nami nilikuwa nikicheka tu.

Kicheko kiliniisha ofisini. Wiki ya kwanza alikuja mama mmoja mzee wa Endarasha, jina lake Ngendo, na karatasi ya mpaka wa shamba. Akaniambia, "Si uliniambia nirudi Jumanne? Nimerudi." Nikatafuta faili. Aliyemwambia hivyo ni babu, mwaka wa 1943, kabla sijazaliwa. Wazee wengine wakafuata. Walinisalimu kama mtu waliyeachana naye jana, wakaniuliza mambo ya zamani nisiyoyajua. Kilichonitisha ni kwamba niliwajibu, na majibu yalikuwa ya kweli.

Siku moja nikatia sahihi barua kumi. Kuziangalia, zote zina sahihi ya babu, na ule mkia wake mrefu. Niliogopa, Shangazi, siwezi kukudanganya. Mkono ni wangu, lakini haukuniuliza.

Jumamosi hiyo nikapita machimboni kwa Othmani, yule fundi wa Majengo anayejenga shule. Akanipa nyundo na tindo nimsaidie kidogo. Ukiligonga jiwe vizuri linalia, halafu linafunguka pale pale ulipotaka. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufanya kazi hii. Nilikosea mwenyewe, nikajiponda kidole mwenyewe, na jioni nikawa na furaha ambayo ofisini sikuipata hata siku moja. Jumatatu nikaweka barua ya kuacha kazi kwenye meza ya mkuu, nikalirudisha koti sandukuni, nikaenda zangu.

Baba hakusema nami wiki mbili. Majirani wanapita wakitikisa vichwa, ati msomi mzima, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hayo nayavumilia. Ya Nyanya ndiyo yaliyoniuma. Nilimwambia, "Nyanya, mimi si mume wako. Mimi ni Moffat, mjukuu wako." Akanitazama sana. Akanipa kiti cha wageni, akaniuliza mimi ni wa kwa nani. Tangu hapo hajaniita kwa jina lolote.

Sasa sikiliza ya jana. Kingori, tarishi wa ofisini, alipita hapa akielekea kwao. Aliponiona akashika baiskeli yake kwa mikono miwili. "Moffat? Wewe si nimekuacha mezani sasa hivi?"

Nikamwambia niliacha kazi wiki sita zilizopita. Akasema hakuna aliyeiona barua yangu. Kila asubuhi naingia na koti, naketi, sisemi na mtu. Mama Ngendo amepata karatasi yake, imepigwa muhuri, na mkuu ananisifu kwamba sichelewi. Kingori hakungoja chai. Nilikwenda nyumbani nikafungua lile sanduku, na koti halimo.

Nililia kidogo, si kwa woga. Wiki sita nzima, Shangazi, na hakuna mtu hata mmoja aliyeona kwamba sipo. Mliyemtaka pale hakuwa mimi. Basi nimeiacha meza ile kwa roho safi, na kurudi sirudi, hata Baba akininunia mpaka Krismasi.

Nisalimie Mutahi mumeo, na Wangechi binti yenu, na yule jirani yako Waridi aliyetupikia mahamri. Mungu awatunze, na awape usingizi mtulivu.

Ukija Desemba, na ukiwa umemkumbuka sana baba yako, nenda ofisini asubuhi, utamkuta. Mimi utanipata huku machimboni.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye,

Moffat