Herufi za Baba Neema

Jumatatu, 27 Aprili 1964

Nimemwosha mume wangu, nimemvalisha. Shati kalivua. Nimemvalisha tena. Chai kainywa bila kumwaga, nikashukuru, nikaenda kisimani. Niliporudi hayupo, na kofia yake ya kazi haipo. Nimemkuta huku Kimanga, mtaa wa hapa Uvira, mbele ya maduka, amesimama katikati ya barabara. Alikuwa anakwenda biro, ofisi yake ya zamani. Hajui tena biro iko upande gani. Nilimshika mkono, akautoa kwa nguvu. Watu wanaangalia. Nimechoka na macho ya watu.

Alianguka mwezi wa kwanza. Homa, shingo ngumu kama mti, degedege. Dokta wa misioni aliita menenjiti, akasema imeshika ubongo. Wiki nzima hakumjua mtu. Alirudi nyumbani kabla ya Pasaka, na kanisa zima likaimba kwa furaha. Dokta peke yake ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya chini, nisingoje yote yarudi.

Jumatano, 29 Aprili

Kijiko amekiita mlango. Neema alicheka. Akampiga kofi. Miaka tisa ya mtoto huyu hakuwahi kumgusa. Halafu akaanza kulia yeye, mtoto akabaki anamshangaa.

Jioni Neema kaniuliza, baba wa zamani atarudi lini. Nilitoka nikapasua kuni. Kuni zilikuwapo tele.

Jumamosi, 2 Mei

Leo nimejua jambo ambalo nilikuwa naliogopa. Nilimpa gazeti la zamani. Alilishika vizuri, akakunja mguu kama kawaida yake, macho yakatembea kwenye mistari. Kisha akanitazama. Hakuna kitu. Herufi zote zimefutika. Mtu aliyekuwa anapiga mashini barua za Administrateta, mkuu wa wilaya, na hata watu wa mbali, wa Luvungi, walikuja kumwomba awaandikie.

Nimechukua buku la Neema la mwaka wa kwanza. A, e, i, o, u. Ametambua a na o. Kwa i akakasirika, buku likaruka hadi kwenye jivu. Baada ya muda aliinuka mwenyewe, akaliokota, akalipangusa na shati lake safi.

Jumanne, 5 Mei

Watu wanashuka kutoka uwandani, upande wa kaskazini, na magodoro vichwani. Wanasema kuna vita huko. Malori ya askari yanapanda, mengine yanarudi matupu.

Mama mkwe amefika kutoka kijijini kwake Makobola, kwa mguu, na kuku wawili. Anataka kumchukua mwanawe. Anasema ugonjwa huu alitupiwa na wenye wivu pale biro, na mimi na dokta wangu tunamchelewesha. Nilimjibu vibaya. Tumemenya maharagwe pamoja mchana kutwa bila kusemezana. Ubaya ni kwamba yeye anamtuliza kuliko mimi. Anamkalisha kivulini, anaongea polepole, neno moja, tena moja. Mimi naongea mengi. Nimeona.

Jumapili, 10 Mei

Baada ya misa watu hawakukaa kuongea. Habari ni moja tu: wapiganaji wanapoingia mahali wanaulizia kwanza makarani na walimu. Wanasema wenye kalamu ndio waliokula uhuru peke yao.

Anselmi, rafiki yake wa biro, alitutafutia nafasi ndani ya mtumbwi wa kwenda Bujumbura. Tulikwenda Kalundu, bandarini, na mafurushi. Baba Neema alikanyaga maji, akaanza kupiga makelele. Maji anayaogopa tangu ugonjwa, na sikuwa najua. Watu wanne hawakuweza kumwingiza. Anselmi alisema, "Mama Neema, unisamehe, hatuwezi kungoja." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Wakaondoka.

Nilitazama mtumbwi mpaka ukawa mdogo. Nilimchukia mume wangu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilimchukia njia yote mpaka nyumbani, na huku nimemshika mkono.

Jumatano, 13 Mei

Ameunganisha herufi. Ma. Ma. Mama! Neema alipiga makofi, yeye akacheka na kurudia mpaka akachoka.

Mama mkwe aliniita nyuma ya jiko. "Acha kumufundisha. Weye unamufundisha kifo."

Nilificha buku ndani ya gunia la unga. Baba Neema alilitafuta tangu mchana mpaka jua linashuka. Alifungua vyungu vyote. Alitazama chini ya kuku anayeatamia. Sikuweza. Nilimrudishia. Mama mkwe aliniangalia, akaendelea kufagia.

Jumatatu, 18 Mei

Wapiganaji wameingia jana. Risasi kwanza, kisha nyimbo. Askari wa serikali walikuwa wameshatupa nguo zao mtaroni.

Nimefukia nyuma ya nyumba tai yake, mihuri, na picha ya siku ya dipanda, siku tulipopata uhuru. Katika picha amesimama mbele ya kipaza sauti, karatasi mkononi. Siku ile ndiye aliyesomea watu wa Uvira hotuba kwa Kiswahili. Mji mzima ulimwona. Naweza kufukia picha, siwezi kufukia macho ya mji mzima.

Baba Neema alikuja akaniuliza, "Unapanda nini?"

"Muhogo," nikasema.

Akaenda kuchukua jembe, akanisaidia.

Alhamisi, 21 Mei

Nitaandika yote, hata kama vibaya.

Asubuhi wapiganaji walipita na filimbi, wanaume wote wa kartie, mtaa wetu, waende uwanja wa biro. Nilimfuata Baba Neema. Wanawake walikuwa wengi pembeni, hakuna aliyetufukuza. Biro imevunjwa milango, karatasi zimetapakaa mpaka barabarani. Walikuwa wanatazama viganja. Wenye mikono migumu huku, wenye mikono laini kule. Mikono ya Baba Neema ni laini. Wakamweka kule, karibu na jirani yetu mwalimu Yakobo.

Kamanda ni kijana. Nadhani hajafika miaka ishirini na mitano. Mtu mmoja, namjua, alinunua samaki kwangu mara nyingi, akanyoosha kidole. "Ule iko karani. Ni yeye alisoma siku ya dipanda."

Kamanda akamwendea. "Weye uko karani?"

Nilipiga kelele kutoka pembeni. "Alikuwa! Ugonjwa ulimukula kichwa! Muulize dokta!"

"Mama, sikukuuliza weye."

Baba Neema akajinyoosha. Akafunga kifungo cha juu cha shati. Sijamwona amesimama hivyo tangu mwezi wa kwanza.

"Minye niko karani," akasema.

Kamanda akainama, akaokota karatasi chini, akampa. "Soma."

Aliishika kwa mikono miwili. Midomo ikaanza kutembea, kama nyumbani. Niliomba. Sijawahi kuomba vile. Niliomba asiweze. Majuma yote haya nimekaa naye na lile buku, namsukuma, ba, be, bi, na sasa naomba Mungu amfunge macho.

"Ko," akasema.

Akaisogeza karatasi karibu na macho.

"Ko. Di." Akainua kichwa. Uso wote ukawaka. Akanitafuta katikati ya wanawake mpaka akaniona. "Kodi! Mama Neema, ni kodi!"

Mtu mmoja alicheka. Kisha wawili. Kisha uwanja mzima, hata wale wenye bunduki. Kamanda akatazama ile karatasi, kumbe ni ya kodi kweli, akacheka mpaka akapangusa macho.

"Karani gani huyu! Anasoma sawa mutoto wa mwaka wa kwanza. Endelea, karani."

"Kodi," akasema Baba Neema. Hakuweza kuendelea. "Kodi. Kodi."

"Mu Kongo hii hata kichaa iko najua kodi. Mama! Kuja, peleka muntu wako ku nyumba."

Nilikwenda, nikamshika. Alitaka kuondoka na karatasi, wakamwachia. Nyuma yetu nilisikia kamanda akisema tena "Soma," na sauti ya mwalimu Yakobo ikaanza. Alisoma vizuri, haraka, kwa sauti ile ya darasani, bila kukwama hata neno moja. Angeweza kukwama. Alituona. Sijui kwa nini hakukwama.

Sikugeuka.

Ijumaa, 22 Mei

Mwalimu Yakobo hakurudi.

Jumamosi, 23 Mei

Nilikwenda kwa mke wake. Mama Sofi alikuwa amekaa chini, kanga kichwani, wanawake wamemzunguka. Hakuniuliza kitu. Ningetaka aniulize. Nilikaa karibu na mlango, nikasaidia kuchambua mchele kwa ajili ya watu, nikaondoka.

Nyumbani Baba Neema anasema "kodi" tangu asubuhi. Anaonyesha kila mgeni ile karatasi. Anafurahi. Hajui alikuwa karibu na nini. Au anajua, na kwake neno ni kubwa zaidi. Siwezi kula.

Jumatano, 27 Mei

Mama mkwe ameamua, na safari hii sikubishana. Twende Makobola. Tumetoka alfajiri kwa njia ya kando ya ziwa. Baba Neema alichoka mara nyingi, tukakaa mara nyingi. Kwenye baryeri, kizuizi cha wapiganaji barabarani, walimtambua. "Karani wa kodi!" wakacheka, wakatupitisha. Alicheka nao. Mimi nilitazama miguu yangu.

Jumatano, 10 Juni

Hapa tunajifunza. Watu wawili wakiongea pamoja, anakasirika; basi tunaongea mmoja mmoja. Akishakula alale. Asiulizwe "unakumbuka?" Neema ndiye aliyegundua hilo. Anamwambia tu, "Baba, hii ni ndoo," na kuendelea na kazi yake. Jembe la Baba Neema linakwenda upande, mistari ya muhogo imepinda kama njia ya mlevi. Mama mkwe anasema muhogo haujui mstari.

Mganga wa hapa alikuja kwa mwito wa mama mkwe. Alimtazama Baba Neema macho, akamwambia bibi mzee kwamba hii si kazi ya mganga, ni kazi ya muda. Jioni mama mkwe alinipa kipande cha kichwa cha samaki, kile anachokipenda mwenyewe.

Jumanne, 30 Juni

Dipanda. Hakuna ngoma, hakuna bendera. Mbali kwa upande wa Uvira tumesikia mizinga, au radi. Kiangazi hiki hakuna radi.

Tulikuwa tunapumzika shambani, mimi na Baba Neema. Akaniuliza, "Minye nilikuwa nani?"

Nilimwambia. Nilimwambia kuhusu masomo kwa mapadri, mashini, baiskeli nyeusi, jinsi alivyokuja kwetu kuniposa akasahau jina la baba yangu. Nilimwambia siku ya dipanda, hotuba, watu wakimbeba mabegani. Alisikiliza kwa makini, kama mtu anayeelezwa habari za ndugu aliyeko mbali.

"Alikuwa muntu muzuri," akasema.

"Ndiyo."

"Alikufa?"

Upepo ulikuwa unatoka ziwani na vumbi la pwani. Nilisema, "Sijui." Ndilo jibu la kweli nililokuwa nalo. Hakuhuzunika. Alifikiri kidogo, halafu akaniambia nisilie, muhogo utapaliliwa kesho.

Alhamisi, 2 Julai

Nimelia leo, peke yangu, mtoni, nguo zikiwa majini. Nimemlilia yule wa zamani. Kwa mara ya kwanza. Miezi yote nilikuwa namngoja, na mtu hamlilii anayemngoja.

Niliporudi Baba Neema alinipokea beseni. Akalitua likiwa limeinama, nusu ya nguo zikaanguka mchangani. Tukacheka. Nikazifua tena.

Jumamosi, 11 Julai

Siku tulivu. Ukungu juu ya ziwa, milima ya ng'ambo haionekani. Neema na bibi yake walianika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, tangu asubuhi.

Nilikuwa nakata gauni la mama mkwe katika pazia letu la zamani, la maua ya kijani. Baba Neema alikuja akaketi karibu nami. Bila kuambiwa alishika ncha ya kitambaa, akaivuta kiasi tu cha kutosha ili mkasi upite. Nilipofika mwisho wa upande mmoja alihama, akashika upande mwingine.

Nilipomaliza alikusanya vipande, akavikunja. Vibaya, kona juu ya kona isiyo yake. Alivipiga piga kwa kiganja, akanipa.

Nimevipokea. Nimeviweka kapuni hivyo hivyo alivyovikunja.