Baiskeli Isiyo na Mkwaruzo

Uthiru, Jumapili asubuhi, Agosti

Baba Njeri,

Jana walikuja kuichukua baiskeli yako. Ndugu yako Kamau alikuja na mama yenu, Shosho, na nyuma yao mtu wa vyuma chakavu akisukuma mkokoteni. Nitakueleza yaliyotokea, lakini niache nizunguke kwanza, kama tulivyokuwa tukizunguka kwa baiskeli kupitia Loresho ili tusiumalize mlima wote kwa mara moja.

Unakumbuka mtaa wa Woodley? Nilikuwa nikiishi kwa shangazi yangu, na siku ya kwanza ulipokuja kuniona uliisukuma baiskeli mpaka mlangoni. Shangazi alikuchungulia dirishani akauliza kwa sauti, "Nani ameagiza mkate?" Ulimsikia. Uliingia, ukamsalimia kwa heshima, kisha ukamwambia, "Mkate umeisha, Auntie. Nimebaki mimi tu." Alicheka mpaka akaenda kukupikia chapati. Nadhani nilikukubali siku hiyo, ingawa ulikuwa hujauliza lolote.

Watu walikuchukulia hivyo kila mahali. Kule kazini mjini, mlinzi wa jengo alikuwa akikuelekeza kwenye mlango wa mizigo kwa sababu ya baiskeli, na papo hapo anampigia saluti kijana wa ofisi ya juu aliyekuja na gari la kuazima. Ulinisimulia ukicheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo sicheki. Umeondoka ukaniachia machungu yote uliyokataa kuyabeba.

Likizo zetu hazikuwa za hoteli. Hema lilitoka soko la mitumba la Gikomba, la kijani, na kile kiraka ulichokishona kwa uzi wa viatu. Jiko ulilitengeneza kwa mkebe wa rangi. Mimi nilichemsha githeri ya mahindi na maharagwe nyumbani, tukaifunga kwenye keria pamoja na parachichi ambazo kila mara zilipondeka kabla hatujafika popote. Tulilala nyuma ya makanisa, kwenye viwanja vya shule zilizofungwa, na pembeni mwa mashamba ya watu tusiowajua. Wewe ulikuwa na utaratibu wako. Tukifika boma la mtu jioni, hatuombi pa kulala. Tunaomba maji ya kunywa.

"Ukimwomba mtu pa kulala, anaanza kufikiria wezi," ulinifundisha. "Ukimwomba maji, anaenda kuleta. Akirudi na kikombe, tayari wewe ni mgeni wake."

Njia hiyo haikutuangusha hata mara moja, mpaka tuliposhuka Kona Baridi kuelekea Ziwa Magadi. Kule chini joto lilikuwa limetuchemsha. Tulifika Oltepesi jua likielekea kuzama, tukamkuta yule mama Mmaasai amekaa nje ya boma lake, nawe ukaanza kwa adabu zako zote: "Mama, shikamoo. Tunaomba maji kidogo tu."

Alikutazama juu mpaka chini. Akatazama baiskeli. Akanitazama mimi, nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Nyinyi watu wa Nairobi," alisema, "mnaomba maji kama mnaomba salamu! Hiyo maji punda wangu ametembea siku nzima kuleta. Kwa nini hamuombi mahali ya kulala? Hiyo iko mingi, mpaka kule mlimani!"

Nilicheka mpaka nikaketi chini. Wewe ulisimama na chupa mkononi kama mwanafunzi aliyekosea mbele ya darasa. Hatimaye alitupa nafasi, na maji pia, na akakusema wakati wote ulipokuwa ukisimamisha hema. "Huyu bwana yako anajua kuendesha," aliniambia, "lakini kufikiria, umsaidie."

Tulikuwa tumekaribia ziwa. Kesho yake tungeliona. Lakini asubuhi, chai ikiwa bado kwenye jiko, Kamau alipiga simu. Kuna mkutano wa familia, lazima uwepo, wewe ndiye mkubwa. Nilikuomba tuendelee. Ulifunga mizigo polepole, ukaniambia, "Ziwa halihami, Mama Njeri. Tutarudi." Tukazisukuma baiskeli, kila mmoja yake, kupanda ule mlima wote, na tulipofika nyumbani tukasikia mkutano umeahirishwa.

Ni kweli, ziwa halijahama.

Ile Jumamosi ya mwisho ulikuwa unaenda Limuru, kwenye ruracio, kupeleka mahari ya kijana wa shangazi yenu. Ulikuwa umekwisha kujaza upepo. Suti ulikuwa umeikunja vizuri kwenye mkoba wa keria, uvae ukifika. Kamau akaingia getini na gari, akakuona.

"Wacha mchezo, bro. Unaenda kuposa watu na baiskeli? Utafika na jasho, wakwe wadhani tumeleta mlinzi. Ingia gari."

Ulinitazama. Ulijua ningesema nini, ndiyo maana hukuniuliza. Uliiegemeza baiskeli kwenye tangi la maji, ukaifunga, ukavaa suti hapo hapo uani. Tai nilikufunga mimi. Ukakaa mbele, kando ya dereva.

Saa chache baadaye, hospitalini, Kamau alinikuta kwenye benchi la nje. Yeye alikuwa na bandeji mkononi tu. Alipiga magoti mbele yangu. "Shemeji, nilikuwa naongea na simu. Sikuona hiyo lori. Nakuomba, usimwambie Mama. Itamuua."

Nilikuwa nimetoka kukufunika uso. Nilitikisa kichwa, akachukulia kuwa ni ndiyo.

Kwa hiyo Shosho aliambiwa kwa simu, "Amegongwa na gari barabarani." Huo haukuwa uongo. Ni kwamba kila mtu aliyekufahamu alimalizia mwenyewe sehemu iliyobaki. Kule kwenu Kinangop walikuwa wakikungojea na jibu hilo kwa miaka mingi. Kwenye mazishi, chini ya yale mahema meupe ya kukodi, mhubiri aliwaonya vijana kuhusu baiskeli kwenye barabara kuu. Mwanamke mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Si alikuwa anaambiwa?" Kamau alikuwa mstari wa mbele. Aliinama, akafuta viatu vyake kwa kitambaa. Kwenye wasifu wako walisoma shule ulizosoma, kwaya uliyoimba, na kazi yako mjini. Safari zetu hazikutajwa. Walikuzika umevaa tai, wewe uliyekuwa ukisema tai ni breki ya shingo.

Nilinyamaza. Siku ile hapakuwa mahali pa kusema. Baadaye kila nilipotaka kusema niliona magoti ya Kamau kwenye ile sakafu. Lakini Baba Njeri, nimechoka kupewa pole yenye lawama ndani yake. Kanisani, dukani, kwa kinyozi. "Pole sana, mama. Hizi baiskeli, kweli." Nami najibu asante.

Sasa kuhusu jana. Kamau alikuwa amenipigia katikati ya wiki: Shosho hataki kitu kilichokuua kikae kwenye boma lenye mtoto wako. Kitamletea Njeri mkosi. Nilimwambia, "Kamau, wewe unajua." Akasema, "Shemeji, ni chuma tu. Wacha iende, tupumzike sisi wote."

Shosho alishuka kwenye gari akisaidiwa. Amezeeka tangu ulipomwona. Alikataa kuingia nyumbani. "Nionyeshe kwanza," alisema. Nikampeleka kwenye tangi. Mtu wa mkokoteni alikuwa ameshainama kuona kama kufuli litakatika.

Sikusema neno. Nataka ulijue hilo. Nilikuwa nimekesha nikipanga maneno, lakini Shosho alinitangulia.

Shosho aliweka fimbo kando. Akaishika mikono ya baiskeli, mmoja baada ya mwingine. Akapitisha kiganja kwenye fremu nyeusi, pale ulipozoea kuipaka mafuta kila Jumapili. Akainua gurudumu la mbele kidogo, akalizungusha kwa kidole. Lilizunguka bila kugusa chochote, lile tiki tiki lake la taratibu, likaendelea kuzunguka sisi wote tukilitazama.

"Kamau," alisema. "Mbona hii haina hata mkwaruzo?"

"Mama..."

"Mwanangu alivunjika kifua. Nilimwosha mimi. Hii haijavunjika hata kioo." Alikigusa kile kioo kidogo cha nyuma. "Alikuwa anaendesha nini?"

Mtu wa vyuma chakavu alijifanya anatafuta kitu kwenye mkokoteni. Kamau alikaa kwenye ngazi ya tangi, akashika kichwa. "Tulikuwa kwa gari yangu, Mama," alisema. "Mimi ndiye nilikuwa naendesha."

Ungetarajia nikuambie kwamba nilisikia nafuu. Sikusikia. Shosho alinigeukia mimi, si yeye.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Miezi hii yote umeniacha nikiilaani baiskeli ya mtoto wangu?"

"Aliniomba ninyamaze."

"Na mimi sikuwa na mtu wa kuniombea," alisema, akaokota fimbo yake. Nilikuwa nimepika chai, nimenunua mkate, nimetandika kile kitambaa alichonifumia yeye mwenyewe. Hakuonja. Alitembea mpaka kwenye gari, akakaa nyuma, mbali na Kamau kadiri ilivyowezekana. Kabla mlango haujafungwa alimwambia yule mtu wa mkokoteni, "Wewe, nenda. Hiyo haitoki hapa." Kwangu hakuaga.

Hivyo ndivyo ulivyosafishwa jina. Hakuna aliyeomba radhi, na nyumba imebaki baridi kama mwezi huu. Sijui kama mama yako atanisamehe. Sijui kama mimi nitamsamehe Kamau. Na wewe pia, nikisema kweli, bado nina hasira nawe. Ulipanda lile gari ili watu wasikucheke, wewe ambaye hukuwahi kujali kicheko cha mtu.

Leo sikwenda kanisani. Nimechukua spana yako, nimelegeza nati ya kiti, nimekishusha kifike kimo changu. Nilichelewa sana kufanya hivyo; kwa muda mrefu niliona kama kile kiti kikiwa juu, bado kuna mtu wa kukikalia. Kwenye bomba la kiti imebaki alama, mstari mweupe unaoonyesha pale kilipokuwa. Sitaufuta.

Njeri akifunga shule Desemba ataendesha yangu, mimi niendeshe yako. Tutashuka Kona Baridi. Tutamtafuta yule mama wa Oltepesi, na safari hii tutabeba maji yetu na yake, tuombe pa kulala tu. Simu nitaizima. Kesho yake tutaendelea.

Huko uliko, kama kuna kukumbuka, usinikumbuke nilivyokuwa kwenye lile benchi la hospitali. Nikumbuke nikiwa nyuma yako mlimani, nimeishiwa pumzi, nikikuita upunguze mwendo.

Mama Njeri wako